Ukihama chama, kiti hakihami: tuliyojifunza Monduli na tunayoulizwa kila siku

Tangu msimu wa uchaguzi wa 2025, simu zinazoingia kwenye dawati letu la elimu kwa umma zina swali moja lenye sura nyingi. "Diwani wetu amehama, sisi tuliompigia kura tunafanyaje?" "Mbunge akifukuzwa uanachama, mshahara unaendelea?" "Hivi mtu anaweza kukatwa jina huku, wiki inayofuata akawa mgombea kule?" Wapo pia wasiouliza. Wanatoa hukumu, kisha wanataka sisi tuigonge muhuri.

Makala haya yanaeleza sheria na utaratibu. Hayamsifu wala kumlaumu mwanasiasa au chama chochote, na hayachukui nafasi ya wakili wako. Nimeamua kupitia safari ya kisiasa ya marehemu Edward Lowassa kwa sababu ndiyo inayotajwa mno na wanaotupigia simu, na ndiyo inayosimuliwa kwa makosa mengi kuliko nyingine zote.

Wasifu wake mnaujua. Aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa Desemba 2005, akajiuzulu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, akabaki kuwa mbunge wa Monduli kwa tiketi ya CCM. Julai 2015 akawa mmoja wa makada 38 waliorudisha fomu za kuomba chama chao kiwapitishe kugombea urais. Dodoma, jina lake halikuwamo katika matano yaliyopita mchujo. Wajumbe waliimba ukumbini kwamba wana imani naye, lakini wimbo si kikao. Tarehe 12 Julai Mkutano Mkuu ukamthibitisha John Magufuli.

Hapo ndipo watu huniuliza: kama alijiamini kiasi kile, kwa nini hakusimama peke yake, bila chama? Kwa sababu haiwezekani. Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 67 inasema hivyo hivyo kwa mbunge. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hoja ya mgombea binafsi kwa takribani miaka 20. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge, naye akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, ambayo Juni 2013 ilisema katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Katiba haijabadilika. Kwa hiyo mtu aliyekatwa jina ana njia mbili tu: akae, au ahame. Anayelalamikia hamahama bila kuzisoma ibara hizo mbili analalamikia moshi.

Sasa tuhesabu siku, maana siku ndizo zinazowaangusha watu wengi kuliko hoja. Uteuzi wa wagombea mwaka 2015 ulikuwa 21 Agosti. Kutoka 12 Julai ni siku 40. Ndani ya siku hizo aliyekatwa jina anatakiwa achukue kadi ya chama kingine, apitishwe na vikao halali vya chama hicho, achukue fomu za Tume ya Uchaguzi, apate wadhamini wasiopungua 200 ambao ni wapiga kura walioandikishwa katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Kisha arudishe fomu kabla ya saa kumi kamili jioni. Saa kumi kamili. Kila uchaguzi hakosi mgombea, hasa wa udiwani, anayefika saa kumi na robo akiwa na boda boda nje na maelezo marefu mkononi.

Lowassa alijiunga na CHADEMA tarehe 28 Julai, akapitishwa na Mkutano Mkuu wa chama hicho 4 Agosti, akiungwa mkono na vyama vingine vitatu vya UKAWA, ushirikiano wa vyama vya upinzani: CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Waliokuwa wakisema miaka ile "vua gamba, vaa gwanda", yaani acha CCM uje CHADEMA, walifurahi. Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, hakufurahi, naye Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Lakini jambo linalonivutia mimi, kikazi, ni la mtu wa pili kwenye karatasi ya kura. Mgombea mwenza alikuwa Juma Duni Haji, kigogo wa CUF. UKAWA yalikuwa makubaliano ya vyama; mbele ya sheria hapakuwa na chama kiitwacho UKAWA. Na kwa kuwa Katiba inataka mgombea urais na mgombea mwenza watoke chama kimoja, Duni ilimbidi achukue kadi ya CHADEMA. Alihama kwa ajili ya fomu. Ukielewa kwa nini Duni alihama, umeelewa nusu ya makala haya.

Tume ilitangaza kura 8,882,935 kwa Magufuli, sawa na asilimia 58.46, na 6,072,848 kwa Lowassa, sawa na asilimia 39.97. Tarehe 1 Machi 2019 akarejea CCM, pale ofisi ndogo ya Lumumba, akisema amerudi nyumbani. Siku ile niliulizwa kama "atapoteza kiti". Kiti gani? Hakuwa mbunge wala diwani. Mtu asiye na kiti akihama, sheria haina cha kumnyang'anya. Anaandika barua, anarudisha kadi, anakata nyingine. Alifariki Februari 2024 akiwa mwanachama wa CCM.

Mwenye kiti habari yake ni nyingine, na Monduli yenyewe inatosha kuwa darasa. Mwaka 2015 jimbo hilo lilichukuliwa na Julius Kalanga kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2018 Kalanga akatangaza kuhamia CCM. Yalikuwa majira ya "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, kauli ya wengi waliohamia CCM. Kabla yake Maulid Mtulia wa Kinondoni alikuwa ametoka CUF na Dk. Godwin Mollel wa Siha ametoka CHADEMA, wote wakashinda tena Februari 2018 kwa tiketi ya CCM. Upande mwingine Lazaro Nyalandu alitoka CCM Oktoba 2017, na Singida Kaskazini ikaenda kwa mwingine kwenye uchaguzi mdogo wa Januari. Wote hao, bila kujali walikotoka na walikokwenda, walipoteza ubunge dakika ile ile walipoacha uanachama. Ibara ya 71 inasema mbunge atakoma kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa. Ibara haiulizi sababu. Dhamiri, hasira, juhudi, ugomvi na mwenyekiti, vyote ni sawa mbele yake.

Baada ya hapo karatasi hutembea hivi. Spika anamwandikia Mwenyekiti wa Tume kumjulisha kwamba kiti kiko wazi, na taarifa inatolewa katika Gazeti la Serikali. Kwa diwani anayeijulisha Tume ni waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Tume hupanga siku ya uteuzi na siku ya kupiga kura. Kama Bunge limebakiza miezi 12 au chini ya hapo kufikia tarehe ya kuvunjwa, uchaguzi mdogo haufanyiki na jimbo linasubiri. Kwa mbunge wa viti maalumu hakuna uchaguzi mdogo kabisa: nafasi inajazwa kutoka orodha ya chama chake. Aliyehama haki yake ya kugombea haipotei. Anaweza kupeleka fomu kwenye uchaguzi ule ule ulioitishwa kwa sababu yake, kama walivyofanya Mtulia na Mollel, na kama Kalanga alivyofanya na kushinda Septemba 2018. Mnaosema "basi ni mchezo tu" mna haki ya kusema hivyo. Mnayo pia karatasi ya kura. Na mwenye ushahidi kwamba mtu fulani amenunuliwa aupeleke TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Nasema ushahidi. Sauti ya dakika mbili iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, isiyojulikana nani kairekodi wala lini, haitawafikisha mbali.

Kanuni hii si ya Tanzania peke yake. Kenya waliiandika mapema: Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipoiacha KANU na kuingia KPU, Bunge likarekebisha Katiba upesi ili wabunge wanaohama warudi kwa wapiga kura, na uchaguzi mdogo wa viti 29 ukafanyika mwaka huo huo. Mwanawe, Raila, aliifuata kanuni ya aina hiyo bila kusukumwa: alipotoka FORD-Kenya aliachia kiti cha Lang'ata na kukirudia kwa tiketi ya NDP Machi 1997.

Kuna eneo ambalo naomba umakini zaidi, maana hata wanasheria wachanga huteleza: kufukuzwa. Aliyefukuzwa uanachama naye "ameacha kuwa mwanachama", kwa hiyo kiti kinaweza kwenda. Neno ni "kinaweza", kwa sababu uamuzi wa chama unaweza kupingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ndiyo yenye mamlaka, chini ya Ibara ya 83, ya kuamua kama kiti kiko wazi. David Kafulila alifukuzwa na NCCR-Mageuzi Desemba 2011, Hamad Rashid Mohamed na CUF Januari 2012. Wote walikwenda mahakamani, wakapata zuio, wakaendelea kuketi bungeni. Wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020 walibaki pia. Baraza Kuu la chama lilikataa rufaa zao Mei 2022, kesi ikaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2023 mahakama ikaona kasoro katika namna rufaa zao zilivyoshughulikiwa. Mengi yalisemwa kuhusu jambo hilo na sitaongeza langu. Ninachosema ni kwamba tangazo la chama mbele ya waandishi wa habari halifungui mlango wa Tume. Kinachoufungua ni barua ya Spika.

Na ndiyo maana wanaoijua sheria huhama kwa hesabu. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, katibu mkuu wa CUF, baada ya mahakama kuthibitisha uenyekiti wa Lipumba ndani ya CUF, alishusha tanga na kupandisha lingine, akaenda ACT-Wazalendo. Hakuwa na kiti. Wabunge wengi waliokuwa upande wake walibaki CUF kwenye karatasi hadi Bunge lilipofika mwisho mwaka 2020. Watu waliwaita waoga. Mimi nasema walikuwa wamesoma.

Kuhusu mwaka 2025 nitasema kidogo, maana mengine bado ni ya moto. Luhaga Mpina alitoka CCM mwanzoni mwa Agosti, akapitishwa na ACT-Wazalendo kugombea urais. Ukaja mgogoro wa kama alipitishwa kwa kufuata kanuni za chama hicho, kwa kuwa kadi yake ilikuwa ya siku chache mno. Akaenguliwa, Mahakama Kuu ikaagiza fomu zake zipokelewe, kisha likaja pingamizi jingine na akaenguliwa tena Septemba. Ukubaliane na maamuzi hayo au usikubaliane, tarehe iliyo kwenye kadi si pambo. Kabla ya kuhama, soma katiba na kanuni za chama unachokwenda, siyo za unachotoka tu.

Sasa yale madogo yanayotuchosha. Kadi ya mpiga kura haihusiani na chama. Ukihama huhitaji kuibadilisha, na tafadhali msituletee tena. Kuvaa fulana ya chama kingine siku moja hakukufanyi mwanachama wake, ingawa kwa mbunge au diwani ni njia ya haraka ya kuitwa kwenye kamati ya maadili. Kutupa kadi jukwaani mbele ya kamera si kujiuzulu mpaka chama kiwe na barua yako. Andika barua, uiwasilishe tawini au kwenye ofisi ambayo katiba ya chama chako inaitaja, upate nakala yenye mhuri na tarehe, uitunze. Tangu marekebisho ya 2019, Sheria ya Vyama vya Siasa inakitaka chama kitunze daftari la wanachama wake, kwa hiyo hakikisha jina lako limefutwa kule kabla hujaandikwa huku. Siku pingamizi likija, hiyo karatasi yenye mhuri ndiyo mtakayoitafuta usiku kucha.

Mwezi uliopita alinipigia mzee mmoja wa Monduli. Alitaka kujua kura yake ya ubunge ya 2015 iko wapi, maana aliyempa alikuwa wa chama kimoja na aliyemwakilisha miaka mitatu baadaye ni yule yule akiwa wa chama kingine. Nikamwambia kura ile ilifanya kazi hadi siku kiti kilipotangazwa kuwa wazi, kisha kikajazwa upya Septemba 2018, na tena Oktoba 2020, safari hiyo na Fredrick Lowassa, mtoto wa Edward, kwa tiketi ya CCM. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza fomu za 2030 zitaanza kutolewa lini, na kama bado ni lazima mtu awe na chama. Nikamjibu swali la pili kwanza.