Kwaresima ya sukari

Nafundisha Kiswahili na somo la dini katika shule ya bweni ya Kikatoliki hapa Arua, Uganda, na pia ni mlezi wa YCS, chama cha wanafunzi vijana Wakristo. Mzazi akinikuta sokoni, swali ni lile lile: "Mwalimu, mtoto anasali huko?" Najibu anasali. Kwa ratiba yetu hata asiyetaka anasali: sala ya asubuhi, Malaika wa Bwana saa sita, sala ya chakula, rozari mwezi wa kumi. Lakini angeniuliza mtoto anaishije bwenini, hapo tungepata la kuzungumza.

Nikianza na kidato cha kwanza huwa nawapa neno moja la Kiganda, ingawa wengi wao ni Walugbara na Wamadi. Kwa Waganda, okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kusali. Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji. Na sisi kwa Kiswahili tunasema padre anasoma Misa, na jirani zetu Waislamu wana kisomo. Kwa hiyo kwetu Wakatoliki darasa na kanisa viliingia nchi hii kwa mlango mmoja, baada ya wamisionari wetu wa kwanza, Padre Lourdel na Bruda Amans, kutua Kigungu, Entebbe, mwezi wa pili 1879.

Kisha nawaambia waangalie tena picha ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Wachoraji huwapa nyuso za watu wazima waliokwisha kuwa watakatifu. Wengi wao walikuwa vijana wa ikulu ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda: wanalala pamoja, wanatumwa pamoja, wana mkubwa wao wa zamu. Bweni kabisa! Mkubwa wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na Karoli Lwanga akabaki na jukumu la kuwalinda wadogo dhidi ya tamaa za Kabaka mwenyewe. Mmoja wa vijana hao, Dionisi Ssebuggwawo, kosa lake lilikuwa kumfundisha mwenzake katekisimu. Usiku wa kabla ya hukumu ya kifo, kwenye ikulu ya Munyonyo, Mei 1886, hapakuwa na padre, basi Lwanga akawabatiza mwenyewe waliokuwa bado, Kizito akiwemo, mtoto wa miaka kama 14. Wanafunzi huniuliza kila mwaka kama ubatizo ule ulihesabika. Ulihesabika: penye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi atumie maji na maneno yenyewe, na akusudie linalokusudiwa na Kanisa. Tarehe 3 Juni Lwanga na wengi wa wenzake waliuawa kwa moto Namugongo.

Kwangu mimi uzito uko kwa Lwanga, kiranja yule. Alikuwa na madaraka juu ya wadogo, akayatumia kuwakinga. Viranja wetu wanapewa madaraka hayo hayo, halafu mtoto wa kidato cha kwanza anabeba jerikani tatu za maji kabla ya alfajiri, moja yake na mbili za mkubwa.

Jambo hilo la maji ndilo tulilolifanyia kazi kwenye chama kwa njia yetu ya Ona, Amua, Tenda, iliyotoka kwa padre Mbelgiji Joseph Cardijn, na ambayo Papa Yohane XXIII aliitaja katika waraka wake wa 1961. Nasema wazi kwamba hatua ya kuona ndiyo ngumu. Vijana wanapenda kurukia kutenda: tufagie soko, tuimbe hospitalini! Niliwakataza kutenda lolote kwa wiki mbili, wakae tu kisimani wahesabu nani anabeba ya nani. Mmoja wao, msomaji wetu wa masomo ya Jumapili, alijikuta kwenye hesabu. Hakuhitaji mahubiri yangu.

Nami nina langu. Nilipoanza kazi, katika shule nyingine, niliita majina mlangoni kwa kanisa, na asiyekuwepo alilima. Kanisa likajaa pomoni. Ikachukua muhula mzima kugundua kwamba wale Waanglikana na Waislamu wachache tuliokuwa nao walikuwa wakilima kila Jumatatu kimya kimya, wakidhani ndiyo sheria ya shule ya Wakatoliki. Na kule Namugongo kuna Waanglikana waliochomwa pamoja na Wakatoliki! Daftari lile la majina nililitia motoni jikoni.

Sasa Kwaresima. Muhula wa kwanza huibeba karibu yote. Sheria ya Kanisa inamtaka aliyetimiza miaka 14 aache nyama siku zilizowekwa, na kufunga chakula kunaanza miaka 18. Lakini umwambie nini kijana anayekula posho, yaani ugali, na maharage Jumatatu hadi Jumamosi? Nyama ameshaiacha, hakuulizwa. Bwenini utajiri ni sukari. Inakaa ndani ya sanduku la bati, chini ya kufuli, na asubuhi utaona mwenye nayo anaufunika uji wake kwa mkono anapokoroga. Basi siku za Ijumaa tunapitisha ndoo. Kijiko kimoja, si lazima, wala hatuandiki jina. Inakwenda kwenye uji wa wagonjwa na wa wale wasioletewa kitu na mtu.

Mwaka huu kijana wa kidato cha pili alinifuata baada ya prepu, masomo ya usiku. "Mwalimu, mimi sukari yenyewe sina tangu tufungue. Mimi nifunge nini?"

Nilikosa jibu papo hapo, na katekisimu yangu yote. Asubuhi nikamkabidhi ndoo na kijiko, awe mgawaji. Ametoboa mpini akakifunga kijiko kwenye ndoo kwa kamba ya kiatu, na anayetaka kuongezewa, hata akiwa kiranja, anaambiwa arudi kwenye foleni.