Je, wajua kwa nini kazi iliyofufua korosho za Mtwara haionekani kwenye hesabu ya hataza, yaani haki za wavumbuzi zilizosajiliwa?

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani 16,500 hivi. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ulikausha maua kabla hayajashika tunda.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, wakaushughulikia ugonjwa huo kwa miaka mingi: ukungu unaanza lini, salfa ipulizwe wakati gani, kiasi gani kwa mti, mara ngapi kwa msimu. Wakachagua pia mikorosho inayozaa vizuri, miche yake ya kubebesha ikasambazwa kwa wakulima. Msimu wa 2000/01 mavuno yalivuka tena tani 120,000. Bei na biashara huria vilichangia, lakini bila maua kupona kusingekuwa na cha kuuza.

Sasa itafute kazi hiyo kwenye hesabu za hataza, zile ambazo magazeti huzitumia kusema nchi fulani ni bunifu kuliko nyingine. Utaikosa, na sababu iko kwenye sheria yenyewe. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa, katika nchi nyingi kwa miaka 20 tangu aombe. Naye hutakiwa kuueleza wazi. Uvumbuzi uwe mpya, na usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelifikia kwa urahisi. Salfa dhidi ya ukungu ilishajulikana kwa wakulima wa zabibu Ulaya tangu karne ya 19. Aina mpya za mimea nazo haziandikishwi kama hataza Tanzania. Zina sheria yake ya mwaka 2012. Kilichobaki, yaani kujua mkorosho wa Newala unahitaji nini na lini, ni maarifa yaliyofundishwa bure shambani. Kwangu mimi huo ni ubunifu kamili.

Kwa nini basi hataza huhesabiwa? Kwa sababu zinahesabika. Kila moja ina tarehe, jina na nchi, na kumbukumbu zake ni za muda mrefu. Pia zinaonyesha jambo la kweli: kampuni za dawa na za simu, zinazotumia fedha nyingi kwenye utafiti, huomba hataza nyingi.

Ila idadi hufuata pia sheria na ruzuku. Mwaka 2022 maombi duniani yalikuwa kama milioni 3.46, na karibu nusu yaliwasilishwa China. Utafiti wa China ni mkubwa kweli, lakini kwa miaka mingi serikali za majimbo na miji zilikuwa zikiwalipa waombaji, hadi mwaka 2021 mamlaka ya hataza ya nchi hiyo ilipoagiza ruzuku hizo zikomeshwe kufikia 2025. Hesabu haitenganishi hataza iliyozaa dawa na ile iliyoishia kabatini.

Mwanahistoria wa uchumi Petra Moser alichunguza maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851. Katika vitu vilivyoletwa na Waingereza, karibu kimoja tu kati ya tisa kilikuwa na hataza. Uswisi, ambayo wakati huo haikuwa na sheria ya hataza inayofanya kazi, ilionyesha kazi bora mno. Wengi walitegemea kutunza siri na kuwatangulia wenzao sokoni.

Hata hivyo, fundi wa Masasi aliyebuni mashine mpya ya kubangulia korosho asiipuuze hataza. Maombi hupelekwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, akitaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja. Apeleke kabla hajaipandisha mashine jukwaani Nane Nane pale Ngongo, Lindi, kwa kuwa kuitangaza mapema kunaweza kuifanya isihesabike tena kuwa mpya. Ajiandae pia kwa ada na kwa kuandika maelezo ya kitaalamu, mambo yanayowafanya mafundi wengi wauze tu mashine zao na kuendelea na kazi.