Kipimo cha Malaria Hakioni Malale

Homa ikipanda, wengi wetu Uganda tunakimbilia kipimo cha haraka cha malaria. Ni sawa, maana malaria ndiyo inayojaza wodi zetu, hasa za watoto. Lakini kipimo kile hutafuta protini za kimelea cha malaria tu. Kimelea kingine chochote kikiwa ndani ya tone lilelile la damu, hakitaonekana. Tena aliyekwisha tibiwa anaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa ingawa amepona.

Kwa hiyo slaidi ya damu, yaani kioo chenye damu kinachotazamwa kwa hadubini, bado ina kazi. Mtaalamu wa maabara huandaa tone nene na utando mwembamba, akavitia rangi ya Giemsa. Tone nene hukusanya damu nyingi mahali padogo ili vimelea vichache visipotee. Utando mwembamba huonyesha ni aina gani ya kimelea cha malaria. Plasmodium falciparum, inayotawala hapa kwetu na kuua zaidi, huonekana kama vipete vidogo ndani ya chembe nyekundu zisizovimba, pengine viwili katika chembe moja. Hatua yake inayosubiri kunyonywa na mbu ina umbo la ndizi. Plasmodium ovale huvimbisha chembe na kuchakaza kingo zake, na Plasmodium malariae mara nyingine hujinyoosha kuikata chembe katikati, ukingo hadi ukingo.

Slaidi hiyohiyo inaweza kufichua malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, na hili linanikera likisahauliwa. Kimelea chake, Trypanosoma brucei, hakiingii ndani ya chembe: huogelea nje yake, kirefu, chembamba, na katika damu mbichi utakiona kikizisukumasukuma chembe. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na kando ya Ziwa Victoria, na ni Entebbe, mwaka 1903, ambako Aldo Castellani alikiona kimelea hicho katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa.

Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale. Ya Busoga, iliyosambaa hadi Teso na Lango pamoja na ng'ombe, huenda mbio na huua ndani ya miezi. Ya West Nile, yaani Arua, Moyo na Adjumani, hujificha kwa miaka, na vimelea vyake huwa vichache mno katika damu hata mtaalamu hulazimika kuizungusha damu kwa mashine ili avikusanye, au kuchukua majimaji ya tezi za shingo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa aina hii ya West Nile si tatizo la afya ya jamii tena nchini. Mbung'o bado wapo.

Kwenye tumbo mambo ni yaleyale. Anayeharisha hununua dawa ya metronidazoli dukani, akisema ni amiba. Amiba inayoumiza, Entamoeba histolytica, hutambulika kwa uhakika pale inapoonekana imemeza chembe nyekundu, na hilo linahitaji choo kibichi. Choo cha majimaji kitazamwe ndani ya nusu saa. Giardia, kimelea kingine cha tumbo, haitoki chooni kila siku, ndiyo maana unaweza kuombwa sampuli tatu za siku tofauti. Cryptosporidium, kimelea kingine cha kuharisha kinachowatesa watoto wachanga na wenye kinga dhaifu, ni ndogo mno, huhitaji rangi maalumu ambayo haitumiki mpaka iombwe, na metronidazoli haiitibu.

Basi ukifika maabara, sema ulikotoka: kama uliumwa na mbung'o, kama homa inarudi baada ya dawa za malaria, kama choo kina damu. Leta choo katika kopo safi, kikavu, bila mkojo wala maji. Na kama umeshameza dawa, itaje jina, useme na siku uliyoianza.