Laini ya ofensi "kuungana" maana yake nini hasa

Kila Septemba NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ikianza naisoma hii sentensi mpaka nachoka. Timu imeleta kocha mpya wa ofensi, mechi mbili za kwanza kwotabeki, yule anayerusha mpira, kalala chini muda mwingi kuliko aliosimama, basi watu wanaandika "laini haina muunganiko, hawa watano hawajazoeana, wapeni muda". Unaenda kuangalia majina unakuta wanne kati ya hao watano wanacheza pamoja msimu wa tatu huu. Sasa hawajazoeana vipi jamani, hao wanajuana mpaka nani anakoroma kwenye ndege.

Kwa haraka: laini ya ofensi ni wale watano wanaosimama mbele ya kwotabeki. Katikati senta, ndo anayetoa mpira, huku na huku magadi wawili, halafu wawili wa nje kabisa. Kupokea pasi hawaruhusiwi, labda mmoja ajitambulishe kwa refa kwanza, kazi yao kuzuia basi. Na muunganiko wao ni pale watano wanapoona kitu kilekile na kufikia uamuzi mmoja ndani ya sekunde moja bila kuambiana. Hiyo ndo maana yake.

Tatizo liko hapo kwenye "kitu kilekile", kwa sababu kitu cha kuangalia kinapangwa na ofensi, yaani mfumo wa kocha wa kushambulia, hakipangwi na urafiki wao. Ukibadilisha ofensi umebadilisha kinachoangaliwa, na watu walewale waliokuwa wanaelewana kwa macho mwaka jana leo kila mmoja anaangalia kwake.

Chukua mbio za mpira tu, yaani kukimbia nao badala ya kuurusha. Kuna mfumo wa kizamani ambao kila mmoja anapewa mtu wake kabla mpira haujatoka, wewe yule, mimi huyu, gadi wa upande wa pili anachomoka anazunguka kuja kumgonga mtu huku, mkimbiaji anapita kwenye tundu lililopangwa tangu chumbani. Uamuzi mwingi umeshafanyika kabla. Halafu kuna huu wa zoni, na hapa ndo panaponikera kuliko kote, maana watu wakisikia zoni wanafikiria zoni ya difensi, kwamba kila mtu kapewa kiwanja chake anakaa anakilinda, atakayeingia anamzuia. Hapana. Zoni ya ofensi inatembea. Watano wote wanachukua hatua ya kwanza kuelekea upande mmoja kwa pamoja, na kila mmoja anajiuliza swali moja, je, nina mtu mbele yangu au sina? Kama unaye, shughulika naye. Kama huna, unamsaidia jirani yako kwa bega, mnambana yule jamaa wawili, halafu mmoja wenu anaachia anaenda mbele kumfuata lainibeka, yule mlinzi wa mstari wa pili. Nani anaachia? Haijaandikwa popote. Inategemea yule mliyembana kaegemea wapi, akienda nje anabaki naye wa nje, akikatiza ndani anabaki naye wa ndani na mwenzake ndo anapanda. Uamuzi unafanyika mpira ukiwa tayari mkononi kwa mkimbiaji, na unafanywa na watu wawili wasiotazamana.

Wanaofuatilia soka wafikirie mtego wa kuotea. Mabeki wanne wanapanda pamoja, mmoja akisita nusu hatua straika kapita na lawama anapata kipa. Hao mabeki wanaweza kuwa wametoka akademi moja lakini kama kocha wa jana alikuwa anawachezesha chini na wa leo anataka wapande, kuzoeana kwao hakusaidii kitu kwa mwezi wa kwanza.

Huu mfumo aliyeunoa mpaka ukawa tishio ni kocha wa laini anaitwa Alex Gibbs, akiwa Denver Broncos chini ya Mike Shanahan kuanzia 1995. Hakutaka majitu, alitaka watu wepesi wenye miguu. Terrell Davis alichaguliwa raundi ya sita ya drafti (mgao wa wachezaji wapya) 1995, mwaka 1998 akakimbia yadi 2008 na wamebeba Super Bowl, fainali ya ligi, mbili mfululizo. Akaumia, 1999 akaingia Olandis Gary akapita yadi 1000, 2000 Mike Anderson naye wa raundi ya sita akapita. Wakimbiaji wanabadilika, yadi zinabaki. Watu wakaanza kusema Denver ukimweka yeyote anakimbia, jambo ambalo kidogo linawavunjia heshima wale wakimbiaji, maana kwenye zoni mkimbiaji naye ni sehemu ya muunganiko. Inabidi akimbie kwa kubana kwenye laini kama anaenda nje kweli ili malainibeka wamfuate, ndipo akate mara moja tu. Akikata mapema yule lainibeka hajasogea, na mtu wetu aliyepanda kumzuia anakutana na hewa. Kwenye TV inaonekana gadi kakosa. Gadi hajakosa.

Mfano ninaoupenda ni Atlanta Falcons, kwa sababu una kila kitu. Mwaka 2015 akaja kocha mpya Dan Quinn, na Kyle Shanahan, mtoto wa yule Mike, akawa koodineta wa ofensi na mfumo wa baba yake. Gadi wa kushoto Andy Levitre naye aliletwa siku chache kabla ya msimu kuanza. Walishinda mechi tano za kwanza, watu wakashangilia, halafu ikaporomoka wakaishia kushinda 8 na kufungwa 8, pointi 339 msimu mzima, Matt Ryan pasi 16 zimekamatwa na wapinzani. Maneno yalikuwa mengi, kwamba hii ofensi haimfai Ryan, ni ngumu mno.

Machi 2016 wakamsajili senta Alex Mack kutoka Cleveland Browns. Sasa angalia huyu mtu. Mack alikuwa nyota, sawa, lakini hakuwahi kucheza na hao wanne wa Atlanta. Kwa hesabu ya "kuzoeana" yeye ndo angekuwa mgeni wa kuwaharibia. Ila alikuwa Cleveland 2014 wakati Shanahan mdogo yuko pale, na alipovunjika mguu Oktoba mwaka ule mbio za Browns zikashuka vibaya. Yaani aliwafahamu wenzake kidogo na ofensi sana, na senta ndiye anayeelekeza, anamnyooshea kidole lainibeka ambaye hesabu ya nani azuie nani inaanzia kwake, anawaambia wenzake tunaelemea kulia au kushoto. Watano wale, Matthews, Levitre, Mack, Chester na Schraeder, wakaanza mechi zote 16, kitu adimu kwenye mchezo wa kuvunjana vile. Pointi zikatoka 339 kwenda 540. Ryan akawa MVP, mchezaji bora wa ligi, mabao 38 kwa pasi na zilizokamatwa 7 tu. Sisemi ni Mack peke yake, Ryan mwenyewe mwaka wa pili alishakielewa kitabu cha mbinu, na walipata wapokeaji wapya pia. Na ndiyo, najua ile Super Bowl waliongoza 28-3 wakafungwa 34-28 na Patriots, msinikumbushe.

Halafu kuna hawa wa kuhesabu ni mara ngapi kwotabeki kaangushwa, eti ndo kipimo cha laini. Ryan 2015 aliangushwa mara 30. Mwaka 2016, ule wa pointi 540, mara 37. Mwaka 2017 Shanahan kaondoka kwenda San Francisco, wanne kati ya watano wamebaki, Ryan kaangushwa mara 24 tu, na pointi zikashuka mpaka 353. Kwa kipimo chenu 2017 ndo laini ilikuwa bora kuliko zote! Ofensi ya Shanahan inamfanya kwotabeki awape adui mgongo, anajifanya anatoa mpira kwa mkimbiaji, anageuka, anasubiri mtu afike mbali, na kusubiri huko kuna gharama yake. Laini inalinda mahali, yaani ile nukta ambayo ofensi imesema kwotabeki atakuwepo. Kocha mpya akimrudisha hatua mbili zaidi, yule wa nje aliyezoea kumsukuma adui apite nyuma ya kwotabeki sasa anamsukumia mgongoni kwake. Mtu yuleyule, mbinu ileile, matokeo mengine kabisa.

Kuhusu "wapeni muda", hapo mna haki nusu. Muda wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, maana mkataba wa wachezaji na ligi wa 2011 ulipiga marufuku mazoezi mawili ya kuvaa pedi kwa siku moja, na mazoezi ya masika hayana pedi kabisa. Laini bila pedi wanajifunza hatua na maneno, lakini ile ya kumbana mtu wawili na kusikia begani kaegemea wapi huwezi kuijua bila kugongana. Mechi za maandalizi wakubwa wanacheza kidogo au hawachezi. Kwa hiyo Septemba ile tunayoiangalia sisi saa mbili usiku saa za Afrika Mashariki, kwa timu yenye ofensi mpya bado ni sehemu ya mazoezi, tofauti ni kwamba matokeo yanahesabiwa. Muda wanaouhitaji ni wa kurudia ofensi ile mpaka macho yote matano yaende mahali pamoja, na kocha akiibadilisha tena Novemba kwa presha ya mashabiki saa inaanza upya.

Basi wiki ya pili ukiona gadi na senta wote wawili wamebaki na mtu mmoja huku lainibeka anapita katikati kama kaalikwa, usiandike hawajazoeana. Andika hawajaizoea ofensi, na kabla hujamtukana gadi rudisha video uangalie mkimbiaji alikata lini.