Mlima Vinson: jina, kilele na mita 248 zilizopotea

Kwa kuwa kazi yangu ni ramani, waongoza watalii wa Kilimanjaro hunijia na swali moja mara kwa mara. Mgeni anayekusanya vilele vya mabara saba akishamaliza Uhuru, mara nyingi hesabu yake inampeleka pia Antaktika, kwenye Mlima Vinson. Sasa mlima huo una urefu gani hasa? Kitabu cha zamani kinasema mita 5,140, kingine 4,897, na siku hizi tunaandika 4,892.

Mlima wenyewe haukusinyaa. Uko kwenye latitudo ya digrii 78 na nusu kusini, katika safu ya Sentinel ya Milima ya Ellsworth, kama kilomita 1,200 kutoka Ncha ya Kusini. Huko hakuna kijiji wala mchungaji, na hakuna wahenga waliouita kwa lugha yao. Kila jina lililopo kwenye ramani ya eneo hilo lina tarehe yake na mtu aliyelipendekeza.

Safu hiyo ilionekana mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1935, Mmarekani Lincoln Ellsworth alipokuwa akivuka bara kwa ndege. Aliipa jina la Sentinel, yaani mlinzi, kwa sababu ilisimama peke yake juu ya tambarare ya barafu. Kilele kimoja akakipa jina la mkewe. Ndicho tunachokiita leo Mlima Ulmer. Lakini Vinson wenyewe ulitambuliwa Januari 1958, na ndege ya jeshi la majini la Marekani. Yaani Mjerumani Hans Meyer alikuwa ameshafika kilele cha Kibo zaidi ya miaka 68 kabla ya dunia kujua kwamba mlima mrefu kuliko yote ya Antaktika upo! Ukapewa jina la Carl Vinson, mbunge wa Marekani kutoka jimbo la Georgia aliyeunga mkono uchunguzi wa bara hilo.

Hapo ndipo ile 5,140 ilipoingia. Wapimaji wa kwanza hawakupanda. Walisimama mbali, wakapima pembe, wakapiga hesabu. Pembe ikikosewa kidogo tu, kwa umbali wa makumi ya kilomita kosa linakuwa kubwa. Tena juu ya barafu hewa baridi hulala chini na yenye joto zaidi hukaa juu yake, kwa hiyo mwanga unapinda na mlima unaonekana umeinuka kuliko ulivyo. Vipimo vya 1979 na 1980 vikaushusha hadi 4,897. Mwaka 2004 wapandaji walibeba kipokezi cha GPS mpaka kileleni, ikapatikana 4,892. Na hata GPS haikupi moja kwa moja urefu kutoka usawa wa bahari. Inakupa urefu juu ya umbo la dunia lililolainishwa kwa hesabu, kisha mtaalamu anasahihisha kwa kufuata mvutano wa dunia mahali pale.

Jina nalo lilikuwa na utata wake. Kwa miaka mingi Vinson lilitumika kwa kilele na pia kwa mlima mzima wenye vilele vingi, wenye urefu wa kama kilomita 21 na upana wa 13. Mwaka 2006 kamati ya Marekani ya majina ya Antaktika ikavitenganisha, na vilele vya pembeni vikapewa majina ya watu wa msafara wa Desemba 1966, waliofika juu kwanza: Clinch, Schoening, Fukushima na wenzao. Binafsi naona huo ni uamuzi wa haki kuliko kumwongezea mwanasiasa mwingine kilele.

Kwa nini kamati ya Marekani ndiyo iamue? Kwa kweli haiamui kwa niaba ya wote. Chile inadai eneo hilo, ila Mkataba wa Antaktika wa 1959 umeyagandisha madai yote, na kila nchi ina kamati yake. Bulgaria, kwa mfano, imejaza safu ya Sentinel majina ya Kibulgaria. Mashariki ya Vinson utakuta miinuko ya Doyran. Kamati ya kisayansi ya kimataifa inakusanya majina yote katika daftari moja, bila kuchagua lipi ni sahihi. Kwa hiyo barafu moja inaweza kuwa na majina mawili, na yote yakawa halali.

Kwenye ramani ninazowachorea waongozaji naandika "Mlima Vinson, m 4,892" pembeni ya kilele, na jina la mlima mzima nalitandaza kwa herufi zilizoachana, ili mgeni asidhani kufika popote juu ya lile bonge ni kufika kileleni.