Kuweka spika "Small" hakupunguzi sauti jamani

Hapa Dodoma mtu akishafunga risiva (ile amplifaya inayoendesha spika zote za muvi na mziki) sebuleni, akiona spika za mbele ni ndefu anakimbilia kuchagua "Large" kwenye menyu, eti "Small" itambania mziki. Sio kweli, hiyo setingi haipimi ukubwa wa boksi, inaamua besi iende wapi. Ukiweka "Small" na krosova (mpaka wa kugawa besi na sauti nyingine) 80 Hz, besi iliyo chini ya hapo inapelekwa kwenye sabufa, yaani spika maalumu ya besi, na sabufa nyingi zina amplifaya yake ndani, kwa hiyo risiva inapumua na maongezi ya kwenye muvi yanatoka safi hata ukiongeza volumu, mi ndo naipendekeza hata kwa spika ndefu kabisa. Kama huna sabufa, hapo sawa, za mbele ziache "Large".