Club ya vijana mu kartie: pesa itoke wapi, na nani aishike

Swali ya kwanza vijana wanatuletea ku ofisi yetu ya kusindikiza vikundi iko ile ile kila siku: papa, mufadhili tutamupata wapi? Na sisi tunawarudishia swali ingine: club yenu inakula pesa ngapi kwa mwezi? Hapo njo kimya inaanza. Wanaangaliana. Prezida anasema inategemea, kesie anasema tutapiga hesabu, na mutu wa tatu anatoa dosie ya kurasa 30 yenye jengo ya etaje mbili, busi, kompyuta, na kampeni ya amani mu Afrika nzima. Hapana, tuanze chini, tuanze na mwezi moja.

Tuseme club iko Katuba, hapa kwetu Lubumbashi mu Congo, vijana 40, mipira, muziki ya karindula kidogo, na masomo ya kusaidia wadogo wenye wanaenda ku egzamini. Muna salle ya shule Jumatatu na samedi (Jumamosi), munalipa directeur 50,000 FC (faranga za Congo) kwa mwezi. Mipira, pompi, kushonesha jezi, 30,000. Maji, sabuni, dawa za vidonda, 15,000. Transpo ya wafundishaji wawili wenye wanatoka Ruashi, 60,000. Fotokopi na mega za telefone, 15,000. Iko 170,000. Kila mwanachama akilipa kotizasyo ya 2,000 mungepata 80,000, lakini sisi wote tunajua mambo inavyoenda, nusu njo watalipa, kwa hiyo andikeni 40,000. Inabakia 130,000 ya kutafuta kila mwezi. Sasa njo muna kitu ya kuambia mutu! Ukienda kwa mama mwenye duka ku avenyu yenu na kumwambia tunakosa 15,000 ya maji na sabuni, anaelewa na anaweza kukubali palepale, lakini ukimwambia tunatafuta partneri wa kubadilisha maisha ya vijana atakupa chupa ya maji na akuage na heshima.

Kotizasyo wengi wanaizarau sababu iko kidogo. Mi naona njo pesa ya maana kuliko zote, juu kila mufadhili, hata ule wa mbali, ataangalia kwanza kama nyinyi wenyewe munatoa. Kijana asiye na uwezo asifukuzwe, aandikwe mu kitabu kama alitumika, alisafisha uwanja, alilinda viti, na ile ihesabiwe. Ila musichanganye kesi ya club, ni kusema mufuko wa pesa yake, na likelemba ya marafiki. Likelemba iko muzuri, kila mutu anakula zamu yake, lakini pesa ya club haina zamu ya mutu, na pesa za vikundi viwili zikikaa mu bahasha moja, siku mutu anadai zamu yake na bahasha iko na pesa ya mipira, mutagombana na mutakuwa wote wawili na haki.

Kuna pia kazi ndogo za kuleta faranga. Hapa kwetu umeme ikikatika, na inakatika, club yenye ina panneau solaire inaweza kuchaji telefone za kartie. Wengine wanapangisha viti ku kilio na ku ndoa, wengine wanauzisha vitumbula na kinywaji ya munkoyo siku ya match. Sheria ya mashirika yasiyo ya faida, ile 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inaruhusu biashara kama iko ya pembeni tu, haiko njo kazi kubwa ya shirika, na inakataza kutafutia wanachama faida. Kwa hiyo pesa ya viti inaingia mu kesi, inalipa salle, inanunua mipira. Siku prezida na rafiki zake wataanza kugawana ile pesa mwisho wa mwaka, hapo haiko tena club, iko sosiete yenye kujificha.

Sasa kesi yenyewe, na hapa naomba musome polepole juu njo hapa club nyingi zinafia. Pesa iko ku M-Pesa ao Airtel Money, laini iko kwa jina ya prezida, prezida anapata kazi Kolwezi, anapanda busi na telefone yake, na hakuna mutu alimwibia mutu, lakini club haina tena kesi. Ao prezida ana mutoto mugonjwa usiku, anachukua pesa ya club kwa hospitali, anasema nitarudisha, na nani atamukatalia? Sheria ya kesi iko ya kulinda yeye pia, haiko ya kumushitaki. Nunueni laini ya club peke yake, isitumike kwa mambo ya nyumba. Mwenye kushika pesa asikuwe ule mwenye kuandika kitabu, na mwenye kukubali matumizi akuwe mutu wa tatu. Mwisho wa mwezi kitabu kinasomwa mbele ya wote, yenye iliingia, yenye ilitoka, yenye imebaki, na karatasi inabandikwa ku mulango ya salle wazazi waone. Mukipata banki, konti ifunguliwe kwa jina ya club na sinyatiri (sahihi) za watu wawili, hata watatu, lakini banki itawaomba makaratasi, na tunaingia mu makaratasi.

Club ndogo ya avenyu moja inaweza kuanza kwa kujulikana tu: barua kwa shefu wa kartie, barua ku biro ya vijana ya komini, peve, ile rapo ya mukutano wa kuanzisha, yenye majina na sinyatiri. Ile inatosha kwa kupata uwanja na kwa kufanya kazi na amani. Lakini kama munataka konti na pesa kubwa, munaingia mu sheria ile ya 2001: statiti (kanuni za club) zenye notere alihakikisha, liste ya wanachama, majina ya wenye kuongoza, na maelezo ya kusema pesa munategemea itoke wapi. Personalite juridike, ni kusema kutambuliwa na sheria, inatolewa na waziri wa Sheria ku Kinshasa wakati waziri mwenye kazi yenu inamuangalia ameshatoa maoni mazuri, na huku mu jimbo gavana anaweza kutoa ruhusa ya muda ya miezi 6 wakati dosie inatembea. Inachukua muda. Kuna watu wanazunguka mbele ya maofisi wakisema nipe dolari mia mbili nitakutolea yote kwa siku tatu; hiyo karatasi banki itaitupa na dolari zenu hazitarudi. Kitu kimoja tena: ku statiti andikeni muda wa uongozi, miaka miwili ao mitatu, na mara ngapi mutu anaweza kurudi. Muanzilishi asiyetaka kutoka anaharibu club kuliko kukosa pesa, nasema hivi na ninajua kuna wenye watakasirika.

Wafadhili wa inje nitawasema haraka. Wanakuwako, wamesaidia sana, lakini 2025 tuliona vile Marekani ilisimamisha misaada mwezi wa kwanza na USAID, shirika lao la misaada, yenyewe ikafungwa tarehe 1 Julai, na mashirika mingi ya Congo yenye yalitegemea mulango moja yakabaki na wafanyakazi bila mushahara. Kama pesa ya inje inapita nusu ya bajeti yenu, anzeni kuogopa kidogo. Na isiingie kulipa salle na transpo ya kila siku; iingie mu kitu chenye mwisho, kununua ordinatere, kufundisha wasichana 20 soudure (kuchomelea vyuma), kujenga vyoo. Siku proje inaisha, club inaendelea kucheza samedi kama kawaida.

Watu wa hapa hapa, maduka, farmasi, magaraji, sosiete, wanapenda kuonekana, na hiyo haiko zambi. TP Mazembe, timu ya mupira ya hapa Lubumbashi yenye tunalilia kila weekend, ilianza 1939 kama timu ya watoto wa shule, wabenediktini wa Institut Saint-Boniface waliitengeneza juu ya wanafunzi wenye hawakutaka kuwa mapadri. Kisha ikabeba jina ya pneu (matairi ya motokari), Englebert, jina ya wenye kuiunga mukono. Na timu yenye ilikuwa na jina ya pneu ikachukua kombe ya Afrika 1967 na 1968, na nyuma 2009, 2010 na 2015. Kwa hiyo jina ya farmasi ku mugongo ya jezi isiwatie haya. Ila andikeni karatasi, hata ukurasa moja: anatoa nini, kwa muda gani, jina yake itaonekana wapi, na kwamba hachagui kochi wala wachezaji. Kisha match mupigie picha jezi na kumutumia siku ileile, sio kisha miezi tatu wakati munaenda kuomba tena.

Pombe, sigara na bahati nasibu za kubetia, hapana. Hata wakileta jezi seti mbili. Muna watoto ndani.

Na wanasiasa? Uchaguzi ikikaribia, mipira inanyesha. Tuliona 2023, tutaona tena. Mi siwaambie mukatae mupira, mupira ni mupira, lakini pokeeni mbele ya watu, andikeni mu kitabu, na mukatae jambo moja: kupeleka vijana wa club ku mutinge na jezi ya club. Wazazi wa kambi ingine wataondoa watoto wao kesho yake, na ule kandida hatakuwepo kuwarudisha. Kijana akitaka kwenda mwenyewe, na nguo yake, iko haki yake.

Watoto, ndiyo. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mutoto iko kila mutu asiyetimiza miaka 18, na mu club zetu wengi wako wa 12, 14, 16. Kila moja awe na karatasi ya muzazi, na namba ya muzazi iwe mu kitabu na pia mu telefone ya wawili. Mukubwa moja asibakie peke yake na mutoto mu salle yenye kufungwa, hata kama ni kochi mwenye wote wanamupenda, zaidi kama wote wanamupenda. Picha za watoto kwa wafadhili, muombe ruhusa, na musiwapige picha wakiwa wamechafuka makusudi ili pesa ije. Na masaa: kama club inafanya kazi saa kumi na saa kumi na moja ya mangaribi, wasichana hawatakuja, juu wanateka maji na wanapika bukari, kisha munaandika mu rapo kwamba wasichana wa Katuba hawapendi club. Wekeni samedi asubui muone.

Nimebakiza pesa yenye iko karibu na watu wanaipita kila siku: pesa ya madini. Sheria ya madini yenye ilirudiliwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa redevansi, ile malipo sosiete za madini zinatoa juu ya madini zinachimba, hivi: 50% serikali ya kati, 25% jimbo, 15% eneo lenye mgodi uko ndani yake, na 10% mufuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% inaenda ku komini, ku muji, ao ku vijiji kwa sekteri ao shefferi (eneo la shefu), kulingana na mahali wanachimba. Mbali ya hiyo, sosiete inapaswa kuweka pembeni angalau 0.3% ya pesa yote ya mauzo ya mwaka kwa proje za jamii zenye zinaguswa na kazi yake, na ile inasimamiwa pamoja na wawakilishi wa jamii, halafu kuna kaye ya masharti, ile mapatano yenye sosiete inasaini na jamii. Njo kusema kama munaishi karibu na mgodi, mu komini ya Ruashi kwa mfano ao ya Annexe, salle ya vijana, uwanja, vitabu, vinaweza kuombwa pale, na haiko kuomba huruma, iko sehemu yenu mu sheria. Lakini haitolewi kwa club moja moja yenye inakuja na bahasha. Unganeni, club tatu, ine, tano za kartie moja, mupatane kitu kimoja chenye wote watatumia, mukikuja kila mutu na uwanja yake watawaambia mupatane kwanza na mwaka umepita. Pigeni hesabu ya kujenga na pia ya kulinda: nani atalipa ule mulinzi, nani atatengeneza mabati yakitoboka.

Na wakati una maana. Mwaka wa bajeti unaanza Januari, kwa hiyo mwenye kufika ku komini mu Novemba na barua amechelewa, bajeti imeshaandikwa na majina ya proje imejaa. Mufike katikati ya mwaka, Juni, ao Julai wakati watoto wanaingia mu likizo na nyinyi wenyewe muna nafasi. Mutafute ni nani anawakilisha kartie yenu mu ile komite ya 0.3%, muongee naye nyumbani mbele ya kupeleka karatasi. Barua mutoe kopi mbili, moja inabaki kule, ya pili wapige muhuri na tarehe irudi na nyinyi. Bila ile muhuri, kisha miezi mitatu hakuna mutu ku biro atakumbuka kama mulifika.